Kusafisha mkanda wa picha kwa maji ya Kigoma

Mkanda wa kwanza niliousafisha mwenyewe ulikuwa wa harusi ya binti wa shangazi yangu, hapahapa Mwanga, Kigoma mjini. Nilifungua tangi nikitarajia kumwona bibi harusi, nikakuta plastiki tupu, angavu kama mfuko wa nailoni, haina hata namba pembeni. Nilikuwa nimetanguliza fiksa, dawa ya kuifunga picha isiharibiwe na mwanga, mahali pa divelopa, dawa ya kuitokeza. Chupa zote mbili zilikuwa za maji ya kunywa, zimekaa bega kwa bega, na sikuwa nimeziandika. Shangazi hakunilaumu. Lakini tangu siku ile chupa ya fiksa nyumbani kwangu imefungwa kipande cha kitenge shingoni, na hata umeme ukikatika naijua kwa kuipapasa.

Mimi ni fundi cherehani. Kamera ninayotumia, Pentax K1000, niliachiwa na marehemu mjomba, aliyekuwa akipiga picha za pasipoti Ujiji. Nasafisha mikanda ya nyeusi na nyeupe tu, usiku au alfajiri, ndani ya stoo ninamohifadhi vitambaa. Haya nayaandika kwa anayeanza akiwa Kigoma, Kasulu, Tabora, au popote penye joto kama letu, kwa sababu maelekezo ya kwenye pakiti za dawa yamepigiwa hesabu ya maji ya nyuzi 20, na bomba langu mchana hutoa maji ya nyuzi 26. Ukishika dakika za pakiti kwa maji hayo, negativu, yaani mkanda uliosafishwa ambao cheupe hutokea cheusi, inatoka nyeusi tii, na gauni jeupe la bibi harusi linakuwa doa lisilo na mkunjo wala ua. Yajue maji yako kabla hujanunua dawa. Yapime asubuhi, mchana na usiku kwa wiki moja, uandike.

Vifaa

Kitu kisicho na mbadala ni tangi la kusafishia na rili yake ya plastiki, gurudumu la mifereji linalozungushiwa mkanda. Mfuniko ukishafungwa mwanga hauingii, ila dawa unaweza kuimimina ndani na kuitoa nje, kwa hiyo kazi yote iliyobaki unaifanya taa ikiwaka. Vingine vinapatikana mtaani: kipimajoto, chupa tatu zenye vifuniko vya kukaza, kikombe cha kupimia mililita, bomba la sindano kutoka duka la dawa, mkasi mdogo, kifungulio cha soda, vibanio vya nguo. Tangi la mkanda mmoja wa milimita 35 linachukua kama mililita 300 za dawa.

Mkanda na dawa mimi huagiza, na huja kwa basi. Mwombe mletaji asiviweke dirishani penye jua. Vikifika, mkanda weka kwenye friji ukiwa ndani ya kikopo chake kilichofungwa, na siku ya kuutumia utoe saa moja au mbili kabla, usije ukaloa jasho la baridi.

Mfuko wa giza

Mkanda lazima uuvishe kwenye rili gizani kabisa, na stoo yangu ina nyufa za bati. Nikashona mfuko. Wa dukani upo, ila ukiwa na cherehani, au jirani mwenye cherehani, usitoe hela yako.

Chukua gabadini nyeusi nzito, upana wa sentimita 70 na urefu wa 60, ukate vipande vinne vya ukubwa huo, maana mfuko ni miwili: mmoja unaingia ndani ya mwingine. Hapa ndipo wengi wanakosea. Sindano ya cherehani inatoboa, na kila tundu la sindano ni mlango wa mwanga. Kwa hiyo mshono wa mfuko wa ndani usikutane na mshono wa mfuko wa nje; usogeze kwa vidole viwili. Zipu vilevile: ya ndani iwe upande mmoja, ya nje upande wa pili, na kila moja uifunike kwa ulimi wa kitambaa. Mikono iwe mirefu, ifike juu ya kiwiko, na kila mkono uwe na lastiki mbili, moja ya kubana kifundo na nyingine ya kubana juu.

Kuujaribu, toka nao nje saa saba mchana, ingiza kichwa kwa dakika mbili tatu hadi macho yazoee, kisha zunguka taratibu ukiangalia kila upande. Penye kasoro utaona nukta kama nyota. Wangu ulikuwa na nyota tano. Nilizishonea viraka, nikarudi juani, zikabaki mbili, nikarudia. Hata sasa usio na nyota, nautumia ndani ya stoo mlango ukiwa umefungwa. Wavuvi wa dagaa wa mwalo wa Kibirizi huita giza zile siku ambazo mwezi haupo, siku za kutoka na taa, na mimi kazi ya kuvisha mkanda huipangia siku zilezile.

Kuvisha rili

Toa mkanda mmoja mbovu sadaka. Uvishe kwenye rili mchana ukiangalia, mara kumi. Kisha fumba macho, mara kumi nyingine. Usiukimbilie mfuko kabla ya hapo.

Ndani ya mfuko unaingiza vitu hivi na si zaidi: tangi na mfuniko wake, rili, mhimili wa katikati, mkasi, kifungulio, na kopo la mkanda. Simu iache chumba kingine. Ikipata ujumbe ikiwaka, kazi imeisha. Kopo linafunguka kwa kifungulio cha soda, unang'oa kifuniko cha upande uliobapa. Kata ule ulimi wa mwanzo ili ukingo uwe mnyoofu, halafu zungushia pembe zake mbili kwa mkasi ziwe butu kidogo, kama unavyopunguza ncha ya kola kabla ya kuigeuza. Pembe kali ndizo zinazong'ang'ania kwenye mfereji wa rili. Ingiza ncha, vuta mpaka ipite zile gololi mbili ndogo, kisha zungusha pande za rili kwa zamu, mbele nyuma, mbele nyuma. Mkanda wa picha 36 unazidi mita moja na nusu, kwa hiyo mikono itachoka kabla haujaisha.

Adui hapa ni jasho. Mikono ndani ya gabadini nyeusi kwenye joto la Oktoba inalowa baada ya dakika tano, unyevu unapanda kwenye rili, na mkanda wenye unyevu haupiti kwenye rili ya plastiki hata ukiubembeleza. Ukikwama usilazimishe. Weka kila kitu ndani ya tangi, funga mfuniko, toa mikono, ifute, kunywa maji, subiri robo saa, rudi. Mimi huvisha saa kumi na moja alfajiri, hewa ikiwa bado ya ziwa, baada ya kunawa kwa sabuni na kujifuta hadi kati ya vidole. Rili huianika siku nzima kabla.

Maji, mtungi na barafu

Nilihangaika miezi na joto la maji mpaka mama alipopita akaniuliza kwa nini napima maji ya bomba wakati mtungi upo pale. Mtungi wa udongo unapitisha maji kidogo kwenye vinyweleo vyake. Yale yanayotokeza nje yanakauka, na kila yanapokauka yanachukua joto la yaliyobaki ndani. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo ukiwa mkavu, mtungi wangu wa dirishani alfajiri unanipa maji ya nyuzi 21 au 22. Miezi ya mvua hewa imejaa unyevu, maji hayakauki vizuri juu ya udongo, na kipimajoto kinasoma 24.

Ikibidi kushusha zaidi, kuna barafu zile za mfuko wanazouziwa watoto. Usiiweke barafu ndani ya dawa, itaizimua. Jaza beseni maji ya mtungi, simamisha humo chupa zako zote tatu na jagi la maji ya kuoshea, kisha weka mfuko wa barafu kando yake, ukiwa umefungwa. Baada ya nusu saa vyote vinasoma sawa. Kufanana huko ni muhimu kuliko kufika 20. Ukitoa mkanda kwenye dawa ya nyuzi 22 ukautia maji ya bomba ya 27, ngozi laini inayobeba picha inashtuka na inaweza kufanya mikunjo midogo kama tope lililokauka.

Dakika zenyewe zinafuata joto. Mkanda wangu wa kila siku ni Ilford HP5 Plus, nimepiga kwa kasi yake ya 400, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, na divelopa ni ID-11, unga unaokorogwa kuwa akiba, halafu siku ya kazi nachanganya mililita 150 za akiba na mililita 150 za maji. Kwa nyuzi 20 ni dakika 13. Kila unapopanda uzi mmoja, punguza chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya dakika zilizobaki. Kwa hiyo nyuzi 22 ni dakika 10 na sekunde 45, nyuzi 24 ni dakika 9. Hii ndiyo sababu nampendekezea anayeanza huku kwetu kuizimua dawa kwa maji sawa kwa sawa. Ukiitumia kali bila kuizimua, dakika za nyuzi 20 ni saba na nusu. Ukipanda hadi 24 zinabaki tano hivi, na chini ya tano dawa haiwahi kuenea sawasawa, unapata mawingu kwenye anga ya picha.

Chagua mkanda mmoja na dawa moja, ukae navyo kwa mikanda kumi.

Kusafisha

Mimina divelopa ndani ya tangi kwa mkupuo, washa saa, funga kofia. Pindua tangi juu chini mara nne katika sekunde kumi za mwanzo, kisha ligonge mezani mara mbili kuachisha mapovu. Baada ya hapo, mwanzo wa kila dakika, pindua mara nne, gonga, liache. Usilitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi. Zikibaki sekunde kumi anza kuimwaga. Divelopa iliyozimuliwa ni ya mara moja, hairudi chupani.

Kisha dawa ya kusimamisha. Mimi natumia siki nyeupe ya kupikia, ile ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vipimo vitatu vya maji, nusu dakika. Kisha fiksa, chupa yenye kitenge. Fiksa ya haraka inachanganywa kipimo kimoja kwa vinne vya maji, na inakaa dakika tatu hadi tano. Usikisie: ule ulimi ulioukata mwanzoni, dondoshea kwenye fiksa taa ikiwaka, uhesabu sekunde hadi uwe angavu. Mara mbili ya hesabu hiyo ndiyo muda wako. Fiksa inarudi chupani na kutumika tena, hadi siku kuangaza kutakapochukua mara mbili ya ilivyokuwa ikiwa mpya.

Kuosha hakuhitaji bomba lililo wazi, na kwa nyumba inayonunua maji kwa dumu hili ni jambo kubwa. Jaza tangi maji ya joto lilelile, pindua mara tano, mwaga. Jaza tena, pindua mara kumi, mwaga. Jaza mara ya tatu, pindua mara ishirini, mwaga. Umemaliza kwa lita moja. Suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya betri ya madukani, yale yaliyochujwa kwa mvuke. Soma chupa vizuri usije ukabeba asidi ya betri, kwa kuwa zinauzwa rafu moja. Tia humo tone moja tu la sabuni ya maji ya vyombo, maji yateleze bila kuacha madoa.

Tundika mkanda kwa kibanio juu na kibanio kingine chini kwa uzito. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, maana vumbi jekundu la kiangazi linanata kwenye mkanda mbichi na halitoki tena. Funga mlango, kaa nje saa tatu.

Ukikauka, usome pembeni. Kama hakuna picha wala maandishi ya kiwandani, kosa ni la dawa, kama langu la harusi. Kama namba zipo ila picha hakuna, mkanda haukupita kwenye kamera, au kamera haikufunguka kupokea mwanga. Namba nzito na picha nzito, uliacha muda mrefu au maji yalikuwa moto. Namba nzuri na picha hafifu, hukumpa mwanga wa kutosha uliyempiga. Vipande vya rangi ya maziwa, rudisha kwenye fiksa, hilo linatengenezeka.

Dawa isipofika

Imewahi kunitokea mzigo ukachelewa na mkanda unasubiri. Kuna njia ya kahawa, iliyotoka darasa la kemia ya picha katika Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995. Kafeini haihusiki, kinachofanya kazi ni asidi zilizomo kwenye kahawa. Kwa lita moja ya maji: gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu kabisa, gramu 16 za vitamini C ya unga isiyo na sukari wala rangi, gramu 40 za kahawa ya unga ya kuyeyuka. Koroga kwa mpangilio huohuo. Kwa nyuzi 20 ni dakika 15. Kahawa ya bei ya chini inafaa kuliko ya kifahari, na ya robusta ndiyo nzuri zaidi, kwa hiyo kahawa yetu ya Manyovu, ambayo ni arabika, niinywe tu. Soda ukiikosa, kaanga magadi ya unga ya kuumulia keki (baking soda) kwenye kikaango kikavu moto mkali, ukikoroga hadi yaache kuchemka kama uji. Nimeitumia kwa mkanda wa Fomapan 100, wa kasi ya 100, na inapendeza. Mikanda ya kasi ya 400 inaingia ukungu.

Kuchapa bila mashine ya kukuzia

Mashine ya kukuzia sina. Nachapa kwa kulaza negativu juu ya karatasi, picha ndogo kama stempu kubwa, lakini ni picha kamili. Kata mkanda vipande vya picha sita sita. Vipande sita vinatosha kwenye karatasi ya inchi 8 kwa 10.

Usiku, stoo, balbu nyekundu kwenye kona. Ijaribu kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha karatasi ya picha dakika tano chini ya taa hiyo, kisha kisafishe. Ukiuona mduara wa sarafu, taa hiyo haifai. Laza karatasi uso wa kung'aa juu, negativu upande wake uliofifia ukiangalia karatasi, kioo cha dirisha juu yake. Balbu ya kawaida ya mwanga mdogo ining'inie mita moja juu. Kabla ya kuharibu karatasi nzima, kata ukanda, ufunike kwa kadibodi, uisogeze kila sekunde mbili: mbili, nne, sita, nane. Chagua iliyokaa vizuri.

Halafu mabeseni matatu: divelopa ya karatasi dakika moja, siki sekunde kumi, fiksa nusu dakika hadi dakika moja, kisha maji dakika mbili kama karatasi ni ya plastiki. Fiksa ya karatasi itenge na ya mkanda. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na negativu ya mashua zinarudi Kibirizi. Nilitumbukiza karatasi nyeupe, nikaitikisa beseni taratibu, na baada ya sekunde kama kumi na tano ukatokea mstari mmoja, ubavu wa mashua. Ikafuata taa juu ya mlingoti, kamba, halafu mkono wa mtu aliyeishika. Uso ulikuja mwisho. Nilimwita mama aje kuona, na karatasi ikapitiliza muda.

Kuingiza kwenye simu

Skana ya mezani yenye taa kwenye mfuniko ni nzuri. Kwa vipimo 2400 kwa inchi unapata picha ya pikseli kama 3400 kwa 2270, inayotosha kuchapwa ukubwa wa karatasi ya ofisini. Bila skana, chukua kishkwambi, fungua ukurasa mweupe, ongeza mwanga wote. Inua negativu sentimita nne juu ya kioo chake kwa vitabu viwili, la sivyo vijinukta vya skrini vitaingia kwenye picha. Kata dirisha la kadibodi nyeusi la milimita 24 kwa 36 kuzuia mwanga wa pembeni. Zima taa ya chumba, simamisha simu au kamera juu, sambamba kabisa, tumia saa ya kujipiga ili usiitikise. Programu yoyote ya kuhariri picha inaweza kugeuza rangi. Ukigeuza, ondoa rangi zote zibaki nyeusi na nyeupe. Maandishi ya mabango yakisomeka kinyume, ulipiga upande usio sahihi.

Ziwa

Fiksa iliyokwisha imebeba madini ya fedha yaliyotoka kwenye mkanda. Tafadhali usiimwage mtaroni. Mitaro ya Mwanga inashuka ziwani, na samaki wengi wa Ziwa Tanganyika hawaishi kwingine popote duniani. Yangu naikusanya kwenye dumu lenye chuma cha kusugulia masufuria. Fedha inashika kwenye chuma na kutuama kama tope jeusi. Dumu hilo lina maandishi makubwa, lipo juu watoto wasikofikia, na sijalimwaga.

Negativu zenyewe weka kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana miezi ya mvua ukungu unakula picha. Juu ya bahasha andika yaliyotokea. Ya juzi inasomeka: Kibirizi, usiku wa tatu wa giza, karabai sita, HP5, maji ya mtungi nyuzi 22, dakika 10 na sekunde 45, picha ya 14 na ya 15 ni nzuri.